Kiti cha Katikati

Ndunge alikuwa mwembamba tangu utotoni, na hakuna kitu alichokichukia kama kuulizwa iwapo anaumwa. Huko Kathiani alikoolewa, miaka hiyo, mwanamke mwenye mwili alichukuliwa kuwa ushahidi kwamba mumewe ana shamba linalozaa na hana choyo. Mwembamba alionewa huruma. Wathome, mume wa Ndunge, hakuwa mchoyo, na shamba lake halikuwa baya, lakini mkewe angekula muthokoi hadi sufuria ibaki tupu na asubuhi aamke vilevile, mifupa ya mabega ikisukuma blauzi.

Labda angezoea, kama Aloys, mdogo wake Wathome, hangemwoa Nthambi.

Nthambi aliletwa bomani wakati Ndunge alikuwa bado ananyonyesha Musau, kifungua mimba wake. Alikuwa mkubwa tayari, mrefu, mwenye mikono minene na kicheko kilichofika kwa majirani. Mama mkwe alitoka jikoni, akamwangalia kutoka utosini hadi kwenye viatu, akasema kwa Kikamba kwamba sasa boma limepata mtu. Ndunge alikuwa amesimama pale pale, mtoto mgongoni na debe la maji kichwani. Alilitua debe, akarudi mtoni kuchota lingine, ingawa mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Kuanzia hapo hakukuwa na siku ambayo hakumpima Nthambi kwa macho. Kanisani, Nthambi akichelewa, watu walisogea wenyewe wakamwachia mwisho wa benchi. Ndunge akichelewa, aliambiwa ajibanze tu, yeye ataenea. Kwenye harusi mpiga picha alimwita Nthambi akae katikati, halafu akampungia Ndunge mkono asimame nyuma. Zawadi ya vitambaa ikija, cha Nthambi kilikuwa kirefu zaidi, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu kilihitajika. Ndunge aliuona. Alijua pia kwamba Nthambi hakuwahi kumkosea hata kwa neno, na hilo lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu lilimnyima sababu.

Wathome alipopata kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River, Ndunge alishukuru kuhama. Baadaye naye akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ, akashona suruali za kwenda ng'ambo ambazo yeye na wenzake hawakuwahi kuona mtu amezivaa. Walikaa kwenye chumba kimoja cha kupanga, pazia likigawa kitanda na jiko. Ndani ya chumba hicho ndipo alipomlea Wendy.

Wendy alikuwa binti pekee wa Nthambi. Alipopelekwa kufanya mazoezi ya uuguzi karibu na Nairobi, Athi River ilikuwa mahali pa karibu pa kulala, kwa hiyo alikuja na sanduku lake kwa mke wa baba yake mkubwa. Alimwita Ndunge "Mama Mkubwa", jinsi ilivyopasa, kwa kuwa Wathome ndiye aliyemtangulia Aloys. Majirani walilicheka jina hilo kila walipomwona mwenyewe. Ndunge hakujali. Msichana alikuwa mwepesi wa kujifunza na mwenye huruma, na jioni alimkanda Ndunge shingo iliyokauka kwa kuinamia cherehani. Kwa muda ule wote Ndunge alisahau kidogo kwamba hakumzaa yeye. Kisha Wendy alihitimu, akapata kazi Uingereza, na Nthambi ndiye aliyesimamishwa mbele ya kanisa la Kathiani ashangiliwe kama mama wa nesi. Musau, mtoto wa Ndunge, alikuwa anatengeneza baiskeli sokoni.

Mwaka 2003 Wendy alipiga simu kwamba anaolewa huko huko. Aloys alikuwa amefariki, na Nthambi hakuwahi hata kufika Mombasa, kwa hiyo Wendy aliwakatia tiketi wawili: mama yake na Mama Mkubwa wake.

Wiki chache kabla ya safari Nthambi alishuka Athi River akiwa na kyondo cha mahindi mabichi. Alikaa kitandani, maana kiti cha Ndunge kilikuwa cha plastiki na hakukiamini, na akazungumza juu ya hili na lile mpaka chai ikapoa. Ndipo akauliza, macho kwenye kikombe:

"Mama Musau, wewe uko karibu na watu wanaojua. Viti vya ndege viko aje?"

Ndunge alijua. Kulikuwa na msimamizi kazini aliyewahi kupelekwa Mauritius kwa mafunzo, na wakati wa chakula cha mchana aliwasimulia mambo yote ya ndege, pamoja na jinsi viti vilivyo vyembamba na kwamba mtu mwenye mwili anaweza kupiga simu mapema, awekwe mahali penye nafasi. Ndunge alikuwa ameyasikiliza vizuri sana. Sasa alimwangalia Nthambi aliyejaza upande mzima wa kitanda, akahisi kitu kitamu kikimpanda kooni.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kukalia."

Siku ya safari nusu ya Kathiani ilikuja uwanja wa ndege wa Embakasi kuwasindikiza. Waliomba, wakaimba, wakapiga picha, na Nthambi akawekwa katikati. Ndege ilikuwa ya asubuhi. Ndani yake Ndunge aliona viti vitatu vitatu na njia nyembamba katikati ya safu, na kabla hawajafika kwenye safu yao alijua kwamba kwa mara ya kwanza maishani amefika mahali palipopimwa kwa ajili yake yeye.

Nthambi alipewa kiti cha dirishani, Ndunge cha katikati, na wa njiani alikuwa mzee mmoja Mhindi mwenye fulana ya sufu, aliyesimama kwa adabu akawapisha. Nthambi aliingia kwa kiuno, kidogo kidogo. Ili aketi ilimbidi auinue mkono wa kiti uliowatenganisha yeye na Ndunge. Mhudumu, msichana aliyevaa skafu shingoni, alipita akauteremsha, akasema ndege ikipaa lazima ukae chini. Ulishuka kwa kusukumwa, ukaingia kwenye nyama ya paja. Halafu mkanda haukufika. Nthambi aliuvuta, akavuta pumzi ndani, akauvuta tena, uso ukiwa umeelekea dirishani. Msichana alirudi na kipande cha mkanda cha rangi ya machungwa, akakiunga mbele ya watu. Watu wa safu ya pili waligeuka. Mtoto mmoja akauliza mama yake swali, akanyamazishwa.

Nthambi alifungua leso aliyokuwa amejifunga mabegani, akaitandaza juu ya mapaja ili rangi ile isionekane.

Ndunge aliyaona yote hayo kama mtu anayeletewa deni la zamani bila kulidai. Alikaa wima. Miguu yake ilikuwa na nafasi, mkanda wake ulibaki na mkia mrefu wa kuchezea, na mfuko wa mbele ya magoti yake haukumgusa. Lakini ndege ilipotulia angani, utamu ule ulianza kuharibika. Bega la Nthambi lilikuwa limevuka mpaka, halikuwa na mahali pengine pa kwenda, na joto lake lilipita kwenye sweta ya Ndunge. Aliweka kiwiko pale pale, kikali, akakiacha.

Nthambi alivumilia kwa muda. Kisha akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba:

"Mama Musau, tuinue hiki kitu kidogo? Kinanikata."

"Kila mtu alikatiwa tiketi ya kiti chake," Ndunge akajibu. "Mimi pia nataka changu."

Nthambi alisema ni kweli, akajisogeza tena kwenye ukuta wa ndege, mpaka shavu lake likakaribia kioo. Hakuzungumza tena.

Chakula kilipoletwa, meza ndogo ya Nthambi haikushuka hadi mwisho. Ilisimama mshazari juu ya tumbo. Alimwambia mhudumu kwamba hana njaa, wala hataki maji. Ndunge alikula kuku, akala wali, akala mkate na keki, polepole, akapangusa sahani. Mzee Mhindi akampa na keki yake, akisema yeye ana sukari. Ndunge akaila hiyo pia, akifikiri kwamba kule nyumbani angeulizwa inaenda wapi.

Kama angeishia hapo, pengine safari ingekwisha vivyo hivyo. Lakini bega lilikuwa bado pale, na ule unyamavu wa Nthambi ulimkera. Alitaka mwenzake alalamike, akasirike, aseme neno baya hata moja. Mhudumu alipokuja kukusanya sahani, Ndunge alimshika mkono wa shati na kusema, kwa Kiswahili na kwa sauti ambayo hakuhitaji kuitumia:

"Nisaidie. Mimi sina mahali pa kukaa. Huyu amechukua kiti chake na changu."

Vichwa viligeuka tena, na safari hii vilikuwa vingi. Nthambi aliinama, akaanza kukunja leso yake, akaikunjua. Mhudumu aliwaangalia wote wawili, akaenda mbele. Aliporudi aliinama mpaka usawa wa Nthambi, akamwita mwaitu, jinsi Mkamba anavyomwita mama, na Ndunge akatambua kwamba msichana ni wa kwao na kwamba alikuwa amesikia kila kitu, hata kile kilichosemwa kwa Kikamba. Alimwambia Nthambi kwamba kule mbele kuna viti vikubwa ambavyo havikupata wenyewe leo, na mkuu wao amekubali. Aje apumzike.

Nthambi aliposimama alimwambia Ndunge, "Pole kwa kukubana." Kisha akapita kwenye njia ile, ubavu ubavu, akigusa viti vya pande zote mbili na kuomba radhi kwa kila mtu, mpaka pazia la mbele likafunguliwa, akaingia.

Ndunge alibaki na viti viwili. Alihamia dirishani, akaweka kyondo chake pale katikati. Chini kulikuwa na mchanga, jangwa lisilokwisha, na hakuliona. Alikuwa anaangalia pazia. Kila lilipotikisika aliona kidogo: kiti kipana kama sofa, blanketi jeupe, mkono wa mtu ukipokea glasi. Na ni yeye mwenyewe aliyempeleka huko, kwa mdomo wake. Alikuwa ameolewa miaka mingi kwenye boma lililomwachia Nthambi mwisho wa benchi, na sasa hata angani, mahali palipopimwa kwa ajili ya watu wembamba, benchi lilikuwa limepatikana. Wivu ulimshika mpaka meno yakamuuma. Alijaribu kulala, akashindwa.

Mzee Mhindi, kwa nia njema, alimwambia kwamba rafiki yake amepata bahati.

"Si rafiki yangu," Ndunge akasema.

Mzee akauliza, basi ni nani wake? Ndunge alitafuta jibu. Akasema ni mama wa mtoto wake. Mzee alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, akarudi kwenye gazeti.

Mwishowe alishindwa kukaa. Alitaka kukiona kiti hicho kwa macho yake, amwone Nthambi amelala chali akihudumiwa, ili hasira yake ipate kitu cha kushika. Alimpita mzee, akaenda mbele kama anayetafuta choo, akasogeza pazia.

Nthambi hakuwa amelala. Alikaa kwenye ukingo wa kile kiti kipana, wima, mikono imeshika magoti. Blanketi lilikuwa bado limekunjwa. Glasi ya maji ilikuwa pembeni, imejaa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vimeacha alama, na midomo yake ilikuwa mikavu. Paji la uso lilikuwa na jasho ingawa ndege ilikuwa baridi.

"Unaumwa?" Ndunge akauliza, na neno hilo likamshangaza likitoka kinywani mwake.

Nthambi alitikisa kichwa kukataa. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwambia, alimwambia. Alikuwa hajanywa maji tangu jana, maana aliogopa choo. Na bado alikuwa amebanwa na haja ndogo tangu ndege ilipopaa. Alikuwa ameenda kukiona. Akiingia, mlango haufungiki. Alikuwa ameona haya kumwambia yule msichana, baada ya wema aliomfanyia.

"Mimi nimekaa hapa nikikuwaza wewe," Nthambi akasema. "Wewe unaingia mahali na hakuna mtu anageuka. Tangu nije pale bomani nimekuonea wivu. Mpaka mtoto wangu nikamleta kwako, na akirudi nyumbani ni Mama Mkubwa, Mama Mkubwa. Nilikuwa nachoka kusikia."

Ndunge alisimama akishikilia pazia. Maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba kutogeuziwa macho kunaweza kuwa mali ya mtu kutamani. Ndege ilitikisika kidogo, Nthambi akafumba macho kwa uchungu.

"Lete hiyo leso," alisema. "Simama, twende."

Choo kilikuwa karibu na mahali ambapo wahudumu hutayarisha chakula. Nthambi aliingia kinyumenyume, na mlango ukabaki wazi, magoti yake yakiwa nje. Ndunge aligeuka, akampa mgongo, akainyoosha leso kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akasimama kama ukuta. Alikuwa mwembamba, na leso ilikuwa pana, kwa hiyo aliinyoosha mpaka viganja vikagusa kuta za pande zote. Bwana mmoja aliyevaa suti alikuja, akasimama mbele yake, akaangalia saa. Ndunge alimwambia, "Ngoja." Bwana akasema kitu kwa Kiingereza. Ndunge akarudia, "Ngoja," na jicho alilomkazia lilimfanya arudi kwenye kiti chake. Yule mhudumu alitokea, akaona, akavuta pazia la upande wake na kuwazuia wengine.

Ilichukua muda. Ndunge hakuishusha mikono.

Nthambi alipomaliza alinawa uso, akarudi kwenye kiti, na Ndunge akampa ile glasi ya maji, kisha akaenda kumwombea nyingine. Alimvua viatu, akamwinulia miguu juu ya begi. Nthambi alisema aketi naye, nafasi iko, lakini mhudumu akaeleza kwa upole kwamba hilo hana ruhusa nalo. Basi Ndunge akarudi nyuma. Alipogeuka kulifunga pazia alimwona Nthambi amejifunika blanketi jeupe mpaka kidevuni, amelala tayari, na yule mwiba wa zamani ukamchoma pale pale ulipozoea kumchoma. Alishangaa kwamba bado upo. Akaenda kukaa.

London ilikuwa na mvua. Ndunge alitangulia kutoka na mizigo, kwa kuwa Nthambi alitembea taratibu na miguu yake. Watu walikuwa wengi nyuma ya kizuizi, na Wendy akawa wa kwanza kumwona. Alipita chini ya kamba, akamkimbilia, akamkumbatia mpaka akamwinua kutoka sakafuni, akilia na kusema Mama Mkubwa, Mama Mkubwa. Hiyo ndiyo saa ambayo Ndunge aliiota tangu tiketi zilipofika. Alikuwa ameipanga hivyo hasa, atangulie yeye.

Juu ya bega la msichana alimwona Nthambi anatokea mlangoni. Nthambi alikuwa amesimama. Hakuwaita. Alikuwa anatabasamu kwa watu waliokuwa karibu, kama mtu ambaye hakutarajia kitu, na Ndunge aliujua uso huo. Alikuwa ameuvaa mwenyewe kwenye harusi nyingi, nyuma ya picha.

"Mama yako yule pale," alimwambia Wendy, akajinasua mikononi mwake. "Miguu inamuuma. Nenda wewe, usimngoje afike."

Harusi ilifanyika, wakaona theluji kidogo, wakarudi. Kathiani walipokelewa kwa chai kanisani, na wanawake wakataka kusikia mambo ya ndege. Ndunge alikaa karibu na ukuta, akingoja zamu ya mkono wa kiti, na kiwiko, na yale aliyoyasema kwa sauti mbele ya watu.

Nthambi alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Alisimulia mkanda wa rangi ya machungwa, meza iliyogonga tumbo, na choo. Alijicheka mwenyewe mpaka wazee wa kanisa wakafuta machozi. Alipofika kwenye leso alisimama na kuonyesha jinsi Mama Musau alivyonyoosha mikono na kumfukuza mzungu wa suti, na wote wakageuka kumwangalia Ndunge, wakampigia makofi. Kuhusu viti alisema tu kwamba walikuwa wamebanana, ndipo msichana mmoja Mkamba akamhamisha. Hakusema aliyelalamika ni nani. Hakusema siku hiyo, wala hakusema miaka iliyofuata.

Ndunge alimwangalia akirudi kwenye benchi, watu wakisogea kumpisha. Alikuwa amemwonea wivu kwa mwili, kwa kicheko, kwa mtoto, na hata kwa blanketi. Sasa alijua kwamba atamwonea wivu pia kwa huo moyo wake, na kwamba huu ndio utakaomchukua muda mrefu zaidi. Akainuka, akachukua birika, akaanza kuwazungushia watu chai.